Maswali mnaniuliza kila saa kuhusu ndege, nimejibu yote hapa

Nilipakia mizigo kwa ndege miaka sita. Nikasukuma ngazi, nikapanga koni, nikaosha hadi choo cha ndege, na saa hii niko na duka ya simu Kondele, hapa Kisumu, lakini watu wakishajua ulikuwa uwanja wa ndege haiishi, mtu anakuja kuwekewa skrini protekta anaanza kuniuliza kama Boeing ni mbaya. Disemba ikikaribia ndio inazidi, manake kila mtu ako na dada Nairobi amemkatia mama tiketi. Nimechoka kurudia kwa mdomo. Mimi si rubani na si injinia, kile najua nilikionea pale chini ya bawa, kingine nimesoma kwa ripoti za ajali ambazo zimewekwa wazi na mtu yeyote mwenye bando anaeza kuzisoma.

Mama anaogopa, anasema afadhali basi ya usiku. Nimwambie nini?

Mwambie hiyo basi itapitia Londiani Junction, pale lori lilivamia watu stejini Juni 2023 na zaidi ya watu 50 wakafa jioni moja. Barabara za Kenya zinaua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Mwaka huo huo wa 2023, dunia nzima, hakuna ndege ya jeti ya kampuni za abiria ilianguka ikaua abiria, ajali kubwa ilikuwa ya ndege ya panga kule Nepal, watu 72.

Lakini nikwambie ukweli, hesabu haitulizi mtu anaogopa. Kitu ilisaidia mama mkwe wangu ni kuambiwa makelele mapema. Ikishaondoka chini utasikia kitu kinagonga tumboni mwa ndege, ni magurudumu yanaingia na milango yake inajifunga. Dakika kidogo injini zinapunguza sauti na unahisi ni kama inataka kushuka, haishuki, nguvu ya kupaa haihitajiki tena yote. Karibu kutua utasikia kama drili, ni zile bamba za nyuma ya bawa zinafunguka ndio ndege iende polepole bila kuanguka. Mama mkwe alifika akasema "nilisikia drili yako." Basi.

Hizi za panga zinakuja Kisumu si ni za kitambo? Kwa nini hawatuletei jeti kila safari?

Si za kitambo, panga inakudanganya. Ndani ya hiyo injini kuna tabo inazunguka kama ya jeti tu, tofauti ni nguvu inaenda kuzungusha panga, na kwa safari ya dakika 50 hivi panga inakunywa mafuta kidogo. Jeti inafaidi ikikaa juu sana kwa muda mrefu, sasa kutoka Nairobi hadi hapa utafika huko juu saa ngapi na ushuke saa ngapi.

Kama ni salama hivyo, ile ya Ethiopia ilianguka aje na ilikuwa mpya kabisa?

Hii ndio swali yenyewe na nitaijibu kwa urefu, kama unaharaka ruka.

Machi 10, 2019, Jumapili asubuhi, ndege ya Ethiopian ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika 6 hewani. Watu 157, na 32 kati yao Wakenya, nchi yetu ndio ilipoteza watu wengi zaidi. Ilikuwa Boeing 737 MAX. Miezi minne na kitu nyuma, Oktoba 29, 2018, ingine ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeingia baharini Indonesia na watu 189.

Shida ilianzia hapa. 737 ni bodi ya miaka ya 1960, iko chini chini, na Boeing walitaka kuifungia injini mpya kubwa zinazookoa mafuta. Haziingii chini ya bawa vizuri, wakazisogeza mbele na juu kidogo, na hiyo ikafanya pua ya ndege itake kuinuka kwa hali fulani. Wakaandika programu inaitwa MCAS, kazi yake kusukuma pua chini yenyewe kama inaona imeinuka sana. Na inajua aje imeinuka? Kuna sensa kama kibawa kidogo pembeni ya pua, ziko mbili, kushoto na kulia, lakini MCAS ilikuwa inasikiza moja tu. Moja! Mimi hata nikipima betri ya simu napima mara mbili. Sensa ikidanganya, programu inaamini, inasukuma pua chini, rubani anavuta, inangoja kidogo, inasukuma tena.

Sasa kile kinanikera mimi si programu kuwa na kasoro, programu zote ziko na kasoro, niulize mimi naona simu zinakufa baada ya apdeti kila wiki. Kinanikera ni kwamba marubani hawakuwa wameambiwa iko mpaka ile ya Indonesia ilipoanguka. Kwa kitabu chao haikuwa imeelezwa. Kampuni ilikuwa inauza ndege kwa maneno kwamba rubani wa 737 ya zamani hahitaji kwenda simuleta, ile mashine ya mazoezi, anasomea kwa kompyuta kidogo anaendelea na kazi, na simuleta ni pesa mingi kwa mnunuzi.

Na kuna kitu ingine watu hawaijui. Ile ya Indonesia, usiku wa kuamkia ajali, ndege hiyo hiyo ilibeba watu wengine na ikasumbua vile vile, pua inasukumwa chini. Kulikuwa na rubani wa tatu amekaa nyuma kwa kile kiti cha kukunja, wakazima umeme wa mota ya mkia, ile inasukuma pua, wakaruka kwa mkono hadi Jakarta. Walifika. Wakaandika kwa kitabu cha ndege, lakini hawakuandika yote, hawakusema usukani ulikuwa unatetemeka wala wamezima nini. Mafundi wakasafisha kile kiliandikwa. Asubuhi ikaenda.

MAX zilizuiliwa dunia nzima karibu miezi 20, Marekani ilizirudisha Novemba 2020. Siku hizi MCAS inalinganisha sensa zote mbili, zikibishana inakaa kando, inasukuma mara moja tu na rubani ana nguvu kuishinda, na simuleta ni lazima.

Kwa hivyo niogope ndege mpya?

Usiogope mpya kwa sababu ni mpya, lakini ukiangalia historia, kifaa kipya hakikuui kwa ile njia wameizoea, kinakuja na yake ambayo hakuna mtu bado ameipa jina. Mfano mzuri ulipitia hapa jirani. Mei 1952 Waingereza walianzisha safari ya kwanza ya jeti ya abiria duniani, ndege inaitwa Comet, London kwenda Johannesburg, na moja ya vituo ilikuwa Entebbe. Fikiria, wazee wa Entebbe waliona jeti ikibeba abiria wa tiketi kabla ya New York.

Comet ilikuwa inaruka juu sana na kwa ndani lazima ijazwe hewa ndio watu wapumue. Kila safari bodi inavimba kidogo, ikishuka inanywea. Chukua waya ya hanga uikunje na kuinyoosha, mara ya kumi haikatiki, ukizidi inakatika na hukuongeza nguvu. Januari 1954 moja ikapasuka hewani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, watu 35. Wakazizuia zote, wakarekebisha kila kitu walidhani ndio sababu, na mwezi wa tatu wakaziruhusu ziruke kabla hawajajua sababu yenyewe. Wiki mbili hivi baadaye, Aprili 8, ingine ikapasuka karibu na Naples, watu 21.

Hapo ndio walichukua Comet nzima wakaizamisha kwa tangi la maji kule Farnborough wakawa wanaijaza na kuipunguza presha mchana na usiku mpaka bodi ikachanika. Nyufa zilikuwa zinaanzia kwa pembe za matundu ya madirisha. Ukikaa kwa ndege leo angalia dirisha, halina pembe. East African Airways yetu wenyewe ilinunua Comet mwaka wa 1960, lakini ile iliyotengenezwa upya.

Dreamliner pia, 787, ilikuja na betri za lithiamu kubwa na Januari 2013 mbili zikawaka, moja kwa ndege imeegeshwa Boston na ingine hewani Japani. Dreamliner zote zikazuiliwa kuruka hadi Aprili, betri ikafungiwa ndani ya sanduku ya chuma na bomba ya kutoa moshi nje. Kenya Airways walipokea yao ya kwanza Aprili 2014, hiyo shida ishamalizwa. Kuwa wa pili kwa laini kuna faida yake.

Ni kweli kompyuta ndio inaendesha na rubani anakunywa chai?

Chai anakunywa. Otopailoti inashika sehemu kubwa ya safari ndio, lakini kupaa ni mkono na mara nyingi kutua ni mkono. Hatari iko pale katikati, pale mtu anadhani mashine imeshika na mashine inadhani mtu ameshika. Ile ndege yetu ya Kenya Airways ya Douala, Kamerun, Mei 2007, watu 114, ilikuwa haijamaliza hata mwaka mmoja, iliondoka usiku wa manane mvua imenyesha, nje giza tupu hakuna taa unaona. Rubani mkuu alitaja otopailoti kama ameiwasha, na ripoti inasema haikuwa imeshika. Ndege ikaanza kulalia upande wa kulia polepole, polepole kiasi mwili haujui. Walikuwa wawili na hakuna aliyeangalia zile saa za mbele zinaonyesha ndege imekaa aje.

Air France 2009 ni upande wa pili wa hiyo hadithi. Barafu iliziba mirija ya kupima kasi, kompyuta ikasema mimi sijui tena, shikeni, na walioshika walikuwa hawajazoea kuiruka kwa mkono huko juu. Mmoja akavuta pua juu. Watu 228. Baada ya hapo makampuni yakarudisha mazoezi ya kuruka kwa mkono, kwa sababu kumbe ukimzoesha mtu gari inajiendesha anasahau klachi.

Eti mdudu anaeza kuangusha ndege?

Unajua wale nyigu wanajenga na matope kwa tundu la kufuli huko dala, nyumbani kijijini, unakuja Krismasi funguo haingii? Hao hao. Pale kwa pua ya ndege kuna kijirija chembamba kama kalamu, hewa inaingia na ndio inapima kasi. Mwaka wa 1996 Jamhuri ya Dominika ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila kofia za mirija, wachunguzi wakaona kitu kinachokaribia zaidi kuwa ni nyigu aliingia kujenga, na marubani wakapewa kasi ya uongo usiku. 189.

Ndio maana ndege ikilala, mirija inavalishwa kofia na utepe mrefu mwekundu unaning'inia. Asubuhi kazi ya kwanza ni kuzitoa na kuzihesabu. Nilikuwa naona fundi anazishika zote kwa mkono mmoja, anazipunga juu rubani azione kupitia kioo, rubani anahesabu na kidole, ananyanyua dole gumba. Kitu ya sekunde 5 na hakuna abiria alikuwa anaiangalia.

Ndege wa manyoya ni shida kubwa zaidi kwa hapa kwetu juu ya ziwa na taka, wale makorongo wenye upara wana mwili wa mbuzi mdogo. New York Januari 2009 mabata bukini yalizima injini zote mbili, rubani Sullenberger akaitua kwa mto Hudson, wote 155 wakatoka. Kwa hivyo ukitupa matumbo ya samaki karibu na uwanja wa ndege, unawaita.

Ikianguka kwa ziwa je?

Kutua kwa maji hapa si jambo geni, miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilikuwa zinatua Kisumu ndani ya ziwa kabisa, boti zenye mabawa. Lakini hizi zetu si boti. Bukoba, ng'ambo tu ya ziwa letu, Novemba 6, 2022, ATR, ndege ya panga, iliingia majini hali ya hewa ikiwa mbaya, ndani watu 43, wakafa 19. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kasia.

Kitu moja ushike: jaketi ya kuokoa maisha usiijaze hewa ukiwa ndani. Novemba 1996 Ethiopian iliyotekwa nyara, ikiwa njiani kuja Nairobi, iliishiwa mafuta ikatua baharini Komoro na kuna watu walipona kishindo lakini walikuwa wamejaza jaketi tayari, maji yakaingia yakawainua hadi darini na mlango uko chini. Vaa, funga, toka, ndio uvute kamba. Yule dada akionyesha hiyo kitu mbele toa macho kwa simu, ni sekunde 40.

Na ile ya Kitale ilipiga mlima aje na GPS iko?

Juni 5, 2018, ndege ndogo ya kutoka Kitale, watu 10, ilipotelea Aberdare kwa mvua na mawingu, wakaipata siku mbili baadaye. GPS inakuambia uko wapi, haikuambii mbele yako kuna nini. Kuna kifaa kingine kina ramani ya milima yote na kinapiga kelele "vuta juu", alikianzisha injinia mmoja wa Kanada, Don Bateman, na kwa maoni yangu huyo mzee ameokoa watu wengi kuliko madaktari wote unawajua. Lakini rubani wa ndege ndogo bado analazimika kujua urefu salama wa kila mahali anapitia. Na nyaya pia, Januari 2003 hapo Busia ndege ya mawaziri ilinasa nyaya za stima ikipaa, waziri Ahmed Khalif akafa pamoja na marubani.

Ndege kubwa inapoteaje siku hizi, na simu yangu tu mke wangu anajua niko wapi?

Manake simu yako iko karibu na mnara. Baharini hakuna mnara na rada haifiki. MH370, ndege ya Malaysia, ilipotea Machi 2014 na watu 239, na kipande cha bawa lake kikaja kuokotwa Pemba, Tanzania, 2016. Tangu hapo ndege kubwa zinatakiwa kujulikana ziko wapi angalau kila dakika 15 zikiwa baharini. Dakika 15 bado ni mbali, mimi naona, lakini zamani ilikuwa hata saa nzima.

Pawabanki niweke wapi?

Mkononi. USIWEKE kwa begi ya kupakia chini. Ikiwaka juu mhudumu anaiona na kuimwagia maji, ikiwaka chini hakuna mtu huko. Mwisho ni saa-wati 100 bila kuomba ruhusa. Hesabu ni hivi, 20,000 mAh zidisha 3.7 gawa kwa 1,000, unapata 74, uko sawa. Zile zimeandikwa 50,000 mnanunua na shilingi 600 ni uongo, lakini mkaguzi anasoma kile kimeandikwa, atakunyang'anya kwa uongo wa mtu mwingine.

Simu isipozimwa ndege itaanguka?

Hapana. Lakini ile titititi unasikia kwa redio simu ikitaka kuita, rubani anaeza kuisikia kwa masikio akiongea na mnara. Bonyeza ile alama ya ndege tu.

Kiti gani salama?

Ukishakaa hesabu viti hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma. Kwa moshi huoni, unapapasa. Na mkanda ukae umefungwa hata taa ikizima, hasa mchana wa saa tisa saa kumi mawingu ya Nandi na Kericho yakiwa yamesimama kama ukuta. Na ikitokea ni kutoka haraka, begi iache. Tokyo, Januari 2, 2024, ndege inawaka moto na watu 379 wakatoka wote, picha zinaonyesha wanateleza mikono mitupu.

Mbona wanatuchelewesha masaa kwa kitu kidogo?

Sasa hapa nitasema kitu sijawahi sema. Siku moja nilikuwa na ile mashine ya mkanda inapandisha mabegi, kampuni nitaiacha bila jina, nikaisogeza sana ikagusa bodi ya ndege. Haikugonga, iligusa. Nikaangalia, kibonyeo kama sahani ya kikombe, rangi haijatoka. Hakuna aliyeniona. Nilikuwa na miezi miwili kazini na mtoto wa wiki tatu nyumbani. Nikaendelea kupakia mabegi kama 15 nikijiambia ni kitu kidogo, tena ndege yenyewe imejaa alama, na kichwani naona ile waya ya hanga, manake mzee mmoja fundi alikuwa ametuonyesha kwa mafunzo.

Nikaenda nikamwambia huyo mzee. Hakunigombeza, alikuja na tochi akaiweka ubavuni mwa bodi ndio kivuli cha kibonyeo kionekane, akapitisha kidole, akatoa rula. Akapiga simu. Abiria wakashushwa, masaa matatu, kuna mmoja alinitusi na mama yangu kupitia dirisha la basi na hakujua hata ni mimi. Meneja akaniandikia barua ya onyo. Mzee akaniambia, "Omera, angekuandikia ya pili kama ungenyamaza, lakini hiyo si wewe ungeisoma."

Kwa hivyo wakikuchelewesha, kasirika, mimi pia nakasirika nikiwa abiria, lakini kasirikia kaunta ambayo haikuambii sababu.

Naeza kubeba samaki?

Kutoka Kisumu ukose kubeba samaki? Omena kavu haina shida, funga karatasi mbili. Mbichi ndio uigandishe, uweke kwa sanduku lenye kifuniko halafu gamu tepu. Na ukiulizwa kaunta sema ni samaki, usiseme ni nguo. Kuna mama alisema ni nguo, barafu ikayeyuka huko chini, maji yakapita kwa mabegi ya watu 6, na ni mimi niliingia kupangusa nikiwa nimelala kifudifudi na tochi mdomoni.